Mwiko wa Kuazima

Mume wangu Ishengoma ana bucha pale Kibeta, na tangu mwaka jana hajatia kipande cha nyama mdomoni. Anachinja, anakata, anapima, anamsifia mteja nyama ya paja kwa maneno matamu, halafu anakuja nyumbani kula maharage. Kwa muda mrefu siri hiyo tuliijua mimi, yeye na daktari, basi.

Chanzo ni kidole gumba cha mguu wa kulia. Msidhani kidole ni jambo dogo. Kilivimba kikawa chekundu, na hata shuka likikigusa tu mwanaume mzima anapiga yowe mpaka majirani wanauliza kama kuna mwizi. Viatu vikamshinda, akawa anakwenda misa kwa ndala, na yeye ni mtu wa kupenda viatu vilivyong'arishwa. Hospitali wakampima, wakasema ni gauti, na presha nayo iko juu. Daktari, binti mpole wa umri wa mwanetu, akamuuliza anakula nyama mara ngapi kwa wiki. Ishengoma akacheka. Asubuhi supu, mchana maini, jioni mbavu, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kusukumia. Hapo utahesabu mara ngapi?

Binti wa watu hakucheka. Akamwandikia dawa, akamwambia apunguze nyama, aache kabisa maini, figo na pombe, na sahani yake ijae vitu vya shambani. Sasa mume wangu kupunguza hakujui. Yeye ni ama yote au basi. Tulipokuwa tunatoka getini akaniambia, "Theopista, nikionja kidogo nitakula ng'ombe mzima. Bora niache."

Nikaanza kupika upya. Ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, ebitoke na njugu mawe, mchicha, mnavu, boga, parachichi za nyuma ya nyumba. Kwa mama yangu kule Maruku ndivyo tulivyokula siku zote, nyama ilikuwa ya Krismasi na Pasaka, kwa hiyo mkono wangu haukuwa umesahau. Aliyepata shida ni yeye. Mwanzoni alikuwa na hasira za mtoto aliyeachishwa ziwa: anafunua sufuria, anafunika, anauliza, "Hii tu?" Nami namjibu, "Hii tu, na kidole chako kinashukuru." Na kweli kilishukuru. Uvimbe ukapungua, presha ikashuka, mkanda wa suruali ukaanza kumzidi. Asubuhi moja nilimkuta amekaa kitandani amevaa viatu, vyote viwili, anavitazama tu. Nililia, wala sioni haya kusema.

Lakini akaniapisha nisimwambie mtu, hata mwanetu. "Mwenye bucha asiyekula nyama, watu watasema nini? Watasema anaujua ubaya wa nyama yake." Kwa hiyo kila mchana nilimpelekea hotipoti, akavuta pazia la nyuma ya bucha, akala maharage yake kwa kujificha. Wateja waliamini anajifungia na steki.

Sasa mwanetu Avit, ambaye ni mwalimu wa sekondari, akapata mchumba, Evelyne, binti wa Muleba. Tukapangiwa Jumamosi ya kwenda kuposa. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza, maana Avit alishanitia hofu kwamba atazeeka peke yake na madaftari ya wanafunzi. Ishengoma naye alifurahi, mpaka siku moja tukiwa mezani akasimamisha tonge ghafla, akaniuliza, "Na nyama je?"

Ukweni huwezi kukataa chakula. Kwetu mgeni akisukuma sahani siku ya posa, watu hawafikirii daktari. Wanafikiria kwamba mgeni anaogopa sumu, na hapo umeshawaita wachawi ndani ya nyumba yao. Nikamwambia aeleze ukweli, ugonjwa si dhambi. Akakataa katakata. Mwisho tukakubaliana kwamba nitakaa karibu naye, atanisogezea vipande vyake taratibu, nami nitavimaliza. Ulikuwa mpango mzuri, ila tulisahau kwamba siku kama hiyo wanaume hukaa sebuleni kwenye viti, na wanawake tunakaa chumba cha pili kwenye mikeka.

Tulifika kwa Kashaija, baba yake Evelyne, kabla jua halijawa kali. Nyumba yao iko katikati ya migomba, uwanja ulikuwa umefagiliwa, na sebuleni wametandika nyasi mbichi zinazonukia. Tukapokewa na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kila mtu akachukua punje zake. Mimi nikawekwa mkekani na Dativa, mama wa binti, mahali ambapo kupitia mlango nilimwona mume wangu waziwazi lakini siwezi kumfikia. Avit alikaa pembeni ya baba yake, kichwa chini, kama alivyofundishwa.

Mshenga wetu alikuwa Kahigi, rafiki wa mume wangu wa jumuiya ya kanisani. Kahigi Mungu amemjalia mdomo. Alimsifia Avit, akamsifia marehemu babu yake Avit ambaye hata hakuwahi kumwona, kisha akamgeukia Ishengoma. "Na huyu mnayemwona, waitu, ndugu zetu, ndiye mwenye bucha ya Kibeta. Nyama anaijua kama padri anavyoijua misa. Binti yenu akija kwetu, mboga za majani atazisahau!" Sebule nzima ikacheka. Mume wangu naye akacheka, huku jasho linamtoka.

Mazungumzo yakaenda vizuri, mahari ikakubaliwa bila vuta nikuvute, na chakula kikaletwa. Evelyne mwenyewe alipitisha maji ya kunawa. Kisha likaja sinia la ebitoke vilivyopikwa na nyama, mvuke unapanda, na upande wa Ishengoma wamemwekea kipande cha heshima, mbavu nono za kumtosha mtu na jirani yake.

"Karibu, ndugu yangu," Kashaija akasema. "Wewe ndiye utakayetuambia kama nyama ya Muleba inafaa."

Wote wakamtazama. Nikamtazama na mimi, namwambia kwa macho: sema gauti, sema presha, sema lolote la kweli. Ishengoma akakohoa, akauliza, "Samahani, ng'ombe huyu alikuwa wa rangi gani?"

"Rangi?" Kashaija akashangaa. "Nyama nimeinunua sokoni asubuhi. Rangi nitaijulia wapi?"

"Basi hapo nimepatikana, waitu. Kwenye ukoo wetu hatuli ng'ombe mwenye mkanda mweupe mgongoni. Ndio omuziro wetu. Na maadamu rangi haijulikani, siwezi kubahatisha. Mnisamehe sana, mniletee ebitoke vitupu."

Omuziro ni mwiko wa ukoo, na kila ukoo wa Kihaya una wake. Hakuna Mhaya atakayekulazimisha kula mwiko wako. Kama ni kutafuta mlango wa kutokea, mume wangu alikuwa ameupata, tena mpana. Shida ni kwamba mlango haukuwa wake. Ukoo wao mwiko wake ni kamongo, yule samaki mrefu wa kwenye matope, na ng'ombe wa mkanda mweupe Ishengoma amekula mpaka ulimi. Avit aliinua kichwa, akafungua mdomo. Baba yake akamgusa goti, naye akaufunga.

Kashaija alikuwa ameshaanza kumwita Dativa alete chakula kingine. Ila kwenye kiti cha pembeni alikuwepo mzee Rutaihwa, baba mdogo wa Kashaija na mkubwa wa ukoo wao. Alikuwa na kipande cha nyama mkononi. Akakirudisha kwenye sinia polepole.

"Ng'ombe wa mkanda mweupe," alisema. "Una hakika?"

"Hakika kabisa, mzee," mume wangu akajibu, Mungu amsamehe.

"Huo ni omuziro wetu."

Mzee akaendelea bila kupandisha sauti. "Sisi siku hizi nyama ya bucha tunakula tu, tunajitetea kwamba hatukuiona ngozi yake. Ninyi mnaushika kuliko sisi, nawapa heshima. Lakini omuziro ni ule ule. Watu wa omuziro mmoja ni damu moja, na hawaoani."

"Lakini mzee," Kahigi akajaribu, "majina ya koo si tumetajiana hapa hapa? Hayafanani."

"Majina hubadilika watu wakihama. Omuziro haubadiliki. Kashaija, hawa watoto ni ndugu. Mahari hatupokei. Posa iishe hapa kwa heshima, kabla hatujafanya aibu."

Kitu kikaanguka. Evelyne alikuwa amesimama mlangoni na birika la kunawia, na birika limemponyoka, maji yanatiririka kwenye nyasi. Alimtazama Avit, kisha akageuka akaenda jikoni, na mama yake akainuka kumfuata. Avit alibaki ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Mtoto niliyemzaa namjua, alikuwa anajizuia asilie mbele za watu.

Mimi na Ishengoma tumeoana tangu ujana na nimemvumilia mengi, lakini pale nilitamani kumtumbukiza ziwani na viatu vyake. Yeye alikuwa ameganda. Nilijua anachowaza. Akisema kweli, ni mtu aliyewadanganya wazee juu ya omuziro, jambo ambalo watu hawachezei, na juu ya hapo ni mwenye bucha anayekula majani. Akinyamaza, mtoto wake anapoteza mke. Na bado alikuwa anapima, utafikiri yuko kwenye mizani yake dukani! Nikainuka mkekani. Mama wa bwana harusi haingii kwa wanaume siku ya posa, najua. Niliingia.

"Baba Avit," nikasema, "useme wewe au niseme mimi."

Akanitazama. Akamtazama Avit. Kisha akateremka kwenye kiti, mtu mzima mwenye mvi, akapiga magoti kwenye nyasi mbele ya mzee Rutaihwa.

"Taata, baba yangu, nimedanganya. Omuziro huo si wangu. Wetu ni kamongo, muulize yeyote anayetujua. Mimi ni mgonjwa wa gauti na presha. Nimeacha nyama tangu mwaka jana, nakula maharage na mboga, na nimepata nafuu kubwa. Nikaona aibu kuyasema hayo, mwenye bucha mimi, baada ya sifa zote za Kahigi."

Na kana kwamba maneno hayatoshi, akavua kiatu cha kulia, akavua na soksi, akanyoosha mguu. "Kidole chenyewe hiki hapa." Wazee wa watu wakainama wote kukitazama kidole cha mume wangu. Siku nyingine ningecheka.

Mzee Rutaihwa alikitazama kwa muda mrefu kuliko wengine, lakini uso wake haukulegea. "Kidole nimekiona. Ila aliyedanganya sasa hivi atashindwaje kudanganya tena? Pengine omuziro ndio ulikuwa kweli, na sasa unaukana kwa kuwa unamtaka binti. Huo mkanda mweupe uliutoa wapi? Si kitu cha kuokota njiani."

"Nimeuazima kwa mteja wangu," Ishengoma akasema. "Bibi mmoja wa pale Kibeta. Kila akija bucha, hata kabla ya salamu, ananiuliza ng'ombe wa leo alikuwa wa rangi gani. Anaitwa bibi Kokuberwa."

Kashaija na mzee wakatazamana.

"Kokuberwa yupi?" mzee akauliza.

"Mjane wa katekista. Nyumba yenye bati la kijani, ukipita kisima."

"Huyo ni dada yangu," mzee akasema. "Tumbo moja. Miguu haimruhusu kusafiri, ndiyo maana hayupo hapa leo."

Mimi yule bibi nilikuwa namjua, tunasalimiana kila mara, lakini sikuwahi kumuuliza kwao ni wapi. Kwetu alikuwa mwenyeji wa Kibeta tu, bibi wa kuuliza rangi. Nikakaa chini pale pale kwenye nyasi. Kashaija akatoa simu, akapiga, akaongeza sauti ili wote tusikie.

"Shangazi, shikamoo. Unamjua Ishengoma wa bucha?"

"Marahaba. Ishengoma? Namjua. Ana nini, amekufa?"

"Hajafa, shangazi. Tunataka kujua omuziro wake."

"Wake si kamongo? Huwa ananitania, 'Bibi, wewe na mikanda yako, mimi na kamongo wangu, tutakuja kufa na njaa.' Ng'ombe anakula wa rangi zote huyo, hachagui."

Kifua changu kikafunguka. Kahigi akapiga makofi mara moja, akajikuta yuko peke yake, akaacha. Kumbe bibi alikuwa bado ana maneno.

"Tena msikilize ninyi wa huko Muleba, maana nasikia mnakula tu bila kuuliza. Mimi wapo wauza nyama walionicheka. Wengine wananijibu 'mwekundu' bila hata kufikiri, niondoke tu. Huyu, siku akichinja ng'ombe wa mkanda, ananiona kwa mbali ananipungia mkono: 'Bibi, rudi, leo siyo yako.' Na siku ya mvua ananipigia simu asubuhi nisitoke bure. Nani mwingine anafanya hivyo? Tangu nianze kununua kwake sijawahi kula mwiko. Sasa niambieni, bojo, nawasihi, kafanya nini?"

"Hajafanya kitu, shangazi," Kashaija akasema. "Ndiye baba yake mchumba wa Evelyne."

Simu ikapiga vigelegele. Vilikuwa vigelegele vya bibi mzee, vimekatikakatika na kikohozi, lakini vilifika mpaka jikoni, na jikoni wakavipokea bila kujua sababu yake.

Mume wangu alikuwa bado amepiga magoti na kiatu kimoja. Hayo ya bibi Kokuberwa hata mimi sikuwa nayajua. Nilijua kwamba anamtania, lakini kumpigia simu siku za mvua hakuwahi kuniambia. Nilikuwa nimemkasirikia dakika chache tu zilizopita, na sasa nilijisikia kumpangusa magoti.

"Umenidanganya siku ya kwanza kukanyaga ukweni," mzee akasema hatimaye. "Hilo nitakukumbusha mpaka nife, na harusini nitalisema. Lakini umemtunzia dada yangu omuziro wake, usio wako, na hakuna aliyekuwa anakuona." Akachukua kikapu cha kahawa, akamnyooshea. "Tafuna. Kisha uvae kiatu chako. Binti tunakupa."

Ishengoma akachukua punje, akatafuna. Avit alikuwa ameficha uso kwenye viganja, na safari hii hakujizuia. Dativa alikuja mbio kutoka jikoni, nikamweleza kwa maneno matatu, akanikumbatia tukaanguka wote wawili kwenye nyasi, wanawake wazima na vitenge vyetu vipya. Sijawahi kucheka namna ile ukweni kwa mtu, na sidhani kama inaruhusiwa.

Watu walipotulia, mzee Rutaihwa akamsogelea mume wangu, akashusha sauti. "Hayo maharage uliyosema. Yalikusaidia baada ya muda gani?" Hapo ndipo nilipomtazama miguu kwa mara ya kwanza. Amevaa kanzu safi na koti, na chini ana ndala. Kidole chake gumba kilikuwa chekundu.

"Anza na daktari, taata," Ishengoma akamwambia. "Nitakupeleka mwenyewe. Maharage yatafuata."

Ikabaki habari ya chakula. Dativa alikuwa na wasiwasi. Kilichokuwepo jikoni kisicho na nyama, alisema, ni chakula cha watoto tu, ebitoke na maharage na mchicha kidogo, na ni aibu kumpa mkwe chakula cha watoto. Mzee Rutaihwa akamwambia akilete, na alete sahani mbili.

Alikileta Evelyne mwenyewe, macho mekundu na uso umenawiri. Akapiga magoti, akampakulia mzee, akampakulia mume wangu. Ishengoma akala mbele ya watu wote, bila pazia, mchuzi wa maharage unamfika kidevuni, na mimi nilikaa mlangoni namtazama kama vile sijawahi kumwona mtu akila. Sahani ilipokaribia kuisha, Evelyne akarudi na chungu.

"Taata," akamwambia, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo, "nikuongeze?"

"Niongeze, mwanangu," mume wangu akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Hayo maharage, jaza."